Jua la Kigoma halikosekani. Hii habari ya vitamini D na saratani ya tezi dume kwa watu weusi inatuhusu kweli?

Mwanika Dagaa, Kibirizi, Kigoma

Habari za jioni ndugu zangu.

Mwezi wa tatu mwaka huu baba yangu alikesha akihangaika, mkojo hautoki. Ana miaka 81, mzaliwa wa Ujiji, fundi wa maboti tangu ujana wake. Alfajiri tukampakia kwenye bajaji hadi hospitali, akawekewa mpira, ikatoka karibu lita moja na nusu. Daktari akampima kwa kidole, kisha akaniita pembeni akaniambia tezi imekuwa ngumu kama jiwe. PSA, kile kipimo cha damu cha tezi dume, ikaja 186. Eksirei ikaonyesha ugonjwa umeshafika kwenye nyonga na pingili za kiuno.

Kumbe mzee alikuwa anaamka usiku mara tano, mara sita, kwa miaka minne. Sisi nyumbani tulisema ni uzee. Mjomba akasema ni ngiri, akamletea mizizi ya kuchemsha. Kiuno kilipoanza kuuma tukasema ni kuinama kwenye maboti. Mwaka juzi tulimpeleka mahali pa kutibiwa, akapewa dawa za yutiai mara tatu kwa nyakati tofauti, hakuna aliyemgusa wala kutaja hiyo PSA. Hilo linaniuma mpaka leo.

Sasa swali langu. Mdogo wangu yuko Chicago tangu 2006, anafanya kazi usiku kwenye ghala la mizigo. Nilipompa habari ya baba akaenda kujipima naye. PSA yake ni nzuri, ila vitamini D ilikuwa 11, daktari wake akashtuka na kumwandikia dawa. Basi akanitumia chupa mbili za vidonge kwa mkono wa mtu aliyekuwa anarudi nyumbani, kila kidonge yuniti 2,000, pamoja na ujumbe mrefu wa sauti: "Kaka, sisi weusi hatuna vitamini D, ndiyo maana saratani ya tezi dume inatumaliza kuliko wazungu. Meza wewe, mpe na kaka mkubwa."

Hapo ndipo nimekwama. Mimi naanika dagaa. Wavuvi wakirudi na mzigo alfajiri, saa moja mimi niko kwenye chanja, nageuza na kugeuza hadi saa kumi jioni. Kofia ya ukindu, singlendi, basi. Jua la hapa mnalijua, mchanga unaunguza mpaka ndani ya kandambili. Kama jua ndilo linalotengeneza hiyo vitamini, mimi naikosaje? Na kama siikosi, baba yangu aliyepiga misumari kifua wazi ufukweni kwa miaka 50, ugonjwa huu aliupataje?

Jambo lingine. Kuna mfanyabiashara anapita sokoni Mwanga na spika, anauza matone ya vitamini ya "kusafisha tezi" kwa shilingi 85,000. Nimeona mzee ameuza mbuzi ili anunue. Ukimhoji anasema utafiti wa Marekani umethibitisha.

Nina miaka 51, kaka mkubwa ana 58. Nieleweshwe tafadhali, niko tayari kusikia lolote.

Kasulu Moja

Pole sana mkuu, Mungu amponye mzee. Baba mkwe wangu alikuwa na tezi dume, alitumia mbegu za maboga na nyanya za kupika, akawa anakojoa vizuri. Kuhusu vidonge, mimi ningemeza tu. Vitamini haina madhara, hata ikizidi mwili unaitoa.

Tabibu wa Isevya, Tabora

Mwangaluka, mwanangu wa Kibirizi. Pole kwa mzee. Nilikuwa tabibu kwa miaka 34, mingi yake kwenye zahanati na vituo vya afya vya Sikonge na Urambo, sasa nimestaafu. Nimesoma swali lako mara mbili. Limenigusa, nitalijibu kwa urefu, mnivumilie.

Mdogo wako hajakudanganya. Amekueleza habari ya huko aliko, ikasafiri hadi Kigoma bila kubadilishwa nguo.

Vitamini D huanzia kwenye ngozi. Humo kuna kitu cha jamii ya kolesteroli ambacho kikipigwa na mionzi ya jua, ile ya urujuanimno aina ya B, hugeuka. Kikishageuka hupita kwenye ini, kisha kwenye figo, ndipo kinapata nguvu ya kufanya kazi mwilini. Weusi wetu ni mwavuli. Unazuia mionzi isituunguze, na kwa kazi hiyohiyo unaichelewesha ngozi kutengeneza vitamini. Kiasi anachokipata mzungu kwa muda mfupi juani, mimi na wewe tunakipata kwa muda mrefu zaidi. Lakini hapa kwetu muda huo tunao. Kigoma iko karibu nyuzi 5 kusini ya Ikweta, jua linakupita utosini mara mbili kwa mwaka, na wewe uko chini yake kwa muda wa saa tisa kila siku. Mwavuli gani utazuia mvua kama hiyo?

Mdogo wako yuko nyuzi 42 kaskazini. Kule, tangu Novemba hivi mpaka Februari, jua linapita chini chini, mionzi ile inamezwa angani kabla ya kufika ardhini. Hata mweupe akikaa nje siku nzima haambulii kitu. Sasa mtu mweusi, amevaa koti mpaka masikioni, anafanya kazi usiku na mchana amelala, akikutwa na 11 si ajabu. Daktari wake amefanya vyema kumtibu.

Kuna utafiti ambao natamani kila Mtanzania aujue. Mwaka 2012 watafiti wakiongozwa na Martine Luxwolda wa Uholanzi walichapisha vipimo vya Wamasai 35 na Wahadzabe 25, watu wa hapahapa nchini wanaoshinda nje kama babu zao. Wastani wao ulikuwa nanomoli 115 kwa lita. Ukiugeuza uwe kwa kipimo cha mdogo wako, yaani nanogramu kwa mililita, unapata kama 46, yaani mara nne ya namba yake. Wewe wa kwenye chanja za Kibirizi ningekuweka karibu na Wahadzabe, sikuweki karibu na ndugu yako wa damu.

Tuje kwenye tezi dume. Marekani, mwanaume mweusi anaipata saratani hii kwa takriban asilimia 70 zaidi ya mzungu, na kufa nayo ni karibu mara mbili. Uingereza wanahesabu mweusi mmoja kati ya wanne ataipata maishani, wakati kwa wanaume wote kwa jumla ni mmoja kati ya wanane. Mwaka 1990 Gary Schwartz na Barbara Hulka wakaleta wazo: ugonjwa huu unaongezeka na umri, unawazidi weusi, unazidi kwenye nchi za kaskazini zenye jua hafifu, na upungufu wa vitamini D nao unafuata njia hizohizo tatu, basi huenda mmoja ni mama wa mwenzake. Halikuwa wazo la hovyo. Seli za tezi dume zina mahali maalumu pa kuipokea vitamini hiyo.

Mwaka 2014 daktari Adam Murphy na wenzake, hukohuko Chicago, wakachapisha habari ya wanaume 667 waliokuja kuchukuliwa kinyama cha tezi kikapimwe kwa mara ya kwanza. Weusi wenye vitamini D chini ya 12 walikuwa na uwezekano wa karibu mara tano wa kukutwa na saratani ile kali. Nadhani ndiyo habari iliyomfikia mdogo wako, maana 11 yake inaangukia humo kabisa, na mtu akijiona kwenye namba lazima atishike. Ila wazungu wenye upungufu mkubwa nao hatari yao ilipanda zaidi ya mara tatu. Sehemu hiyo haisambazwi kwenye simu.

Mambo mawili kukutwa pamoja hakutoshi kusema moja limelizaa jingine. Mtu anayeumwa hakai juani. Mtu mnene vitamini yake hupungua kwa kujificha kwenye mafuta. Njia ya kujua ni kuwapa watu vidonge na kusubiri. Wamarekani walifanya hivyo, JoAnn Manson akiongoza: watu 25,871, weusi wakiwa 5,106, nusu yao wakimeza yuniti 2,000 kila siku kwa zaidi ya miaka mitano, nusu wakimeza kidonge kisicho na kitu. Majibu yalitoka Novemba 2018. Saratani haikupungua kwa kiasi cha kuaminika, hata ya tezi dume. Kwa weusi palionekana dalili ya saratani kwa jumla kupungua kidogo, lakini haikufika kiwango cha kuitwa ushahidi. Angalia chupa uliyoletewa. Yuniti 2,000. Kidonge chenyewe ndicho hicho kilichojaribiwa.

Na wewe mwenyewe, bila kujua, umeuliza swali linalolitikisa wazo zima. Jamaika na Barbados jua ni la mwaka mzima kama kwetu, lakini visiwa vya Karibiani, pamoja na nchi zetu za kusini mwa Sahara, ndivyo vyenye viwango vikubwa vya vifo vya saratani hii duniani. Kwa wanaume wa Tanzania ndiyo inayoongoza. Wavuvi wa kule wanashinda juani kama wewe na bado wanazikwa nayo.

Basi ni nini? Sehemu ni urithi. Tangu 2006 wanasayansi wameonyesha kipande cha kromosomu ya 8, moja ya nyuzi zinazobeba urithi wetu, chenye mabadiliko yanayoongeza hatari, na baadhi ya mabadiliko hayo yanapatikana zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika. Sehemu nyingine, na mimi kwa miaka yangu 34 naiona ndiyo iliyotuua zaidi hapa, ni kuchelewa. Marekani kuna hospitali za askari wastaafu ambako mweusi na mweupe wanatibiwa kwa mfuko mmoja. Mwaka 2019 ulitoka uchambuzi wa wanaume zaidi ya 300,000, wakiwemo wa hospitali hizo. Ugonjwa ukiwa hatua moja na matibabu yakiwa sawa, weusi hawakufa na saratani hii kuliko wenzao. Mwanangu, mimi nimewapokea wakulima wa tumbaku wanaoletwa kwa mkokoteni miguu imeshakufa ganzi kwa sababu saratani imebana uti wa mgongo. Wengine nilikuwa nawaona kila msimu wakija na homa na kikohozi, nami sikuwauliza habari za mkojo. Kipimo cha PSA hatukuwa nacho, lakini kidole nilikuwa nacho.

Usijilaumu kwa ile miaka minne ya kuamka usiku. Mara nyingi hiyo huwa ni tezi iliyovimba tu kwa umri, ambayo si saratani. Saratani yenyewe ikianza huwa kimya, haimwamshi mtu. Ndiyo maana kusubiri dalili ni kusubiri treni iliyokwisha kupita.

Wa Kasulu, nakuheshimu, lakini hapo umekosea. Vitamini D hukaa kwenye mafuta, mwili hauitoi kwa mkojo ikizidi. Ikijaa inapandisha kalsiamu kwenye damu, mtu anatapika, anachanganyikiwa, figo zinaharibika. Kwa mtu mzima asiyekuwa chini ya daktari mpaka ni yuniti 4,000 kwa siku. Na vitamini kuwa "haina madhara" tulishaambiwa mwaka 2011: wanaume zaidi ya 35,000 walijaribiwa kwa vitamini E na madini ya seleniamu wakitarajia kinga ya tezi dume, waliomeza vitamini E peke yake wakaipata saratani hiyo kwa asilimia 17 zaidi. Mwenye spika pale Mwanga hiyo haisemi. Baba mkwe wako kukojoa vizuri ni heri, ila mbegu za maboga hazitaonyesha PSA yake ni ngapi.

Mwanangu, mwenye baba aliyepata saratani hii, hatari yake ni kama mara mbili ya mwingine. Wewe wa 51 na kaka yako wa 58 mmeshachelewa kidogo. Weusi tunashauriwa kuanza kupima kwenye 45, na mapema zaidi kama ndugu wa karibu wameumwa zaidi ya mmoja. Nendeni mkatolewe damu. Siku mbili kabla msikutane na wake zenu, msiendeshe baiskeli safari ndefu, na kama mkojo unawaka tibuni kwanza maana huo nao unapandisha PSA. Namba ikiwa juu haina maana ya saratani papo hapo, ina maana mtu aendelee kuchunguzwa.

Ng'ambo ya ziwa lenu, Mobutu alikufa na ugonjwa huu huko Rabat mwaka 1997, akiwa na miaka 66. Mandela aligunduliwa 2001 akiwa na 83, akatibiwa kwa mionzi, akaishi hadi 2013. Aliondoka na miaka 95.

Mwanika Dagaa, Kibirizi, Kigoma

Shikamoo mzee wangu. Nimesoma mpaka chaji ikaisha, nimeazima simu ya mke wangu kukujibu. Nimewasomea na vijana wa chanja, tukasimamisha kazi, kunguru wakafaidi.

Mimi na kaka tumekubaliana kwenda wiki ijayo, mwezi ukiwa mpevu, maana siku za mbalamwezi hakuna mzigo.

Kinachonisumbua sasa ni baba. Daktari amesema kwa hatua aliyofika dawa nafuu na ya uhakika ni kuondolewa korodani. Mzee amegoma. Ameniambia mbele ya mama, "Nimeishi mwanaume miaka 81, leo mnataka kunihasi kama beberu." Tangu siku hiyo amejifungia chumbani, hatoki hata barazani. Sina neno la kumwambia.

Mama Mizinga, Nzega

Shemeji wa Kigoma, pole. Mimi ni mwanamke, nisamehewe kuingia kwenye mazungumzo ya wanaume, lakini haya nimeyalalia kitanda kimoja.

Mume wangu alifanyiwa hiyo operesheni mwaka 2019, akiwa na 69. Alikataa miezi mitatu. Nilichokuja kugundua ni kwamba hakuogopa kisu, aliogopa nyumbani watajua. Watoto, wakwe, wale anaofuga nao nyuki. Nikamwambia: habari hii tunaijua wewe, mimi na daktari. Watoto niliwaambia baba anafanyiwa operesheni ya tezi, basi, na ndivyo ilivyo. Akakubali palepale.

Maumivu ya mgongo yalipungua ndani ya wiki. Sitii chumvi, mtu aliyekuwa analala amekaa kwenye kiti alilala chali. Yapo mengine: anapandwa na joto ghafla, anavua shati usiku, hasira zilimjaa miezi ya mwanzo, na mambo ya ndani yalikwisha. Hilo tulilia wote wawili, kisha tukazoea. Mwaka huu amekagua mizinga yake mwenyewe porini, kapanda ngazi nikimkataza.

Jambo moja la kukwambia. Mwaka wa pili aliteleza mlangoni, kuanguka kidogo tu, mkono ukavunjika. Daktari akatuambia mwanaume akiondolewa homoni mifupa yake inaliwa kama mti uliopekechwa. Akaandikiwa kalsiamu na, sikiliza sasa, vitamini D. Kwa hiyo hizo chupa za shemeji wa Chicago usizigawe bado.

Tabibu wa Isevya, Tabora

Mama Mizinga amenitangulia, nami nafurahi amesema yeye.

Anasema kweli. Mwaka 1941, tena Chicago hiyohiyo, Charles Huggins alionyesha kwamba saratani ya tezi dume inalishwa na homoni ya kiume, na ukiikata homoni hiyo ugonjwa unanywea. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1966. Mpaka leo ndiyo nguzo ya tiba iliyosambaa. Asiyetaka kisu zipo sindano za kuizima homoni, zinachomwa kila mwezi au kila miezi mitatu, ila gharama yake na safari zake muziangalie kabla hamjaahidi. Mwambie mzee uchaguzi upo, asidhani amebanwa kwenye kona.

Homoni ikishakatika mifupa hudhoofika. Na baba yako, ulivyosema, amejifungia chumbani. Yule mtu wa kifua wazi ufukweni sasa haoni jua kabisa. Uzee nao unaipunguzia ngozi uwezo wa kutengeneza vitamini hata mtu akitoka. Katika familia yenu wanaohitaji vidonge ni wawili, wa Chicago na mzee. Wewe unayezishika chupa ndiye usiyezihitaji.

Usimpe kabla ya kumuuliza daktari wake. Alikuwa ameziba mkojo, figo zake lazima ziangaliwe kwanza, na kalsiamu yake ipimwe. Mpeleke na chupa yenyewe wasome yuniti. Kisha mtoe barazani asubuhi, mikono na miguu ikiwa wazi. Mchemshie na dagaa, amle mzima na mifupa yake, na mgebuka wenye mafuta. Kalsiamu ya dagaa wa Kigoma haina mfano.

Mdogo Mtu, Chicago

Kaka shikamoo. Shikamoo mzee wa Isevya, shikamoo mama wa Nzega. Ni mimi mwenye chupa. Binamu amenitumia hapa nisome.

Kaka, nisamehe kwa ile sauti. Nilikuwa nimetoka kupokea majibu ya 11, nimekaa kwenye gari, nje theluji, nawaza baba. Nilitaka kufanya kitu. Kutoka huku mtu unachoweza ni kutuma, na dawa nilizokuwa nazo zilikuwa hizo.

Mzee wa Isevya, umesema koti mpaka masikioni. Ni kweli kabisa. Kuanzia Novemba naingia kazini jua limezama, natoka halijachomoza, nalala pazia zimefungwa. Kuna wiki hupita sijaliona. Nyumbani nilikuwa natembea na baba ufukweni pekupeku kutwa. Ninaendelea na dawa, daktari atarudia kipimo baada ya miezi mitatu, na PSA nitapima kila mwaka kwa sababu ya baba.

Hela ya sindano kama baba atachagua sindano, niachieni mimi.

Mwanika Dagaa, Kibirizi, Kigoma

Narudi kutoa majibu, wiki ya nne leo.

Nilifanya kama alivyosema Mama Mizinga. Nilimtoa mama na wajukuu nyumbani, nikakaa na baba sisi wawili. Nikamwambia mambo ya operesheni atayajua yeye, mama, mimi na daktari. Na sindano zipo, mdogo wangu atalipa. Akanyamaza muda mrefu sana. Akauliza sindano ni mara ngapi. Nikamwambia. Akasema, "Kila mwezi kuamka kwenda kuchomwa mpaka nife, mwanangu atafute hela kwenye baridi? Hapana. Wakate." Operesheni ilifanyika siku ya Alhamisi, kwa ganzi, akarudi nyumbani Jumamosi. Kiuno kimepoa. Juzi aliomba randa yake akaitazama tu, akairudisha.

Figo zilipimwa, daktari akaridhika, kalsiamu nayo ikawa sawa. Nilimwonyesha chupa. Amesema ameze kimoja kila siku pamoja na chakula, na turudi baada ya miezi mitatu. Kila asubuhi wajukuu wanamtoa barazani na kiti chake, shati limekunjwa mikono, anahesabu maboti yanayoingia na kuwaambia lipi alilitengeneza yeye. Dagaa anakula. Mgebuka anauomba mwenyewe.

Mimi PSA yangu ni 1.8. Nitarudia mwaka kesho.

Kaka mkubwa ni 9.6. Hakuwa na dalili yoyote, halali vibaya, hakuna kinachomuuma, alikuja kupima kwa sababu nilimburuta. Daktari amemwandikia aende Bugando, Mwanza, akachukuliwe kinyama. Amekuwa kimya tangu tupate karatasi. Jana usiku alikuja hadi kwangu, akasimama mlangoni, akaniuliza kama ile habari ya Mandela miaka 12 ni kweli au nilimtia moyo tu. Nikampa simu asome mwenyewe. Tunapanda treni ya keshokutwa, tutaungia Tabora. Mzee wa Isevya, kama treni itasimama mchana, tutashuka stesheni tukupe mkono.

Tabibu wa Isevya, Tabora

Nitakuwepo, hata ikiingia usiku wa manane. Nitavaa kofia nyekundu. Mwambie kaka yako aje na karatasi zote, ile ya PSA asiikunje.